Maisha ya Baba Nanak na Ibada za Masikh

Ndugu msomaji, yumkini umepata kuwaona katika miji ya Afrika Mashariki watu wenye asili ya Bara Hindi, wenye vilemba vilivyofungwa kwa ustadi na ndevu zisizokatwa, ambao wenyeji huwaita Makalasinga au Masingasinga. Wengi wa wazee wao walifika tangu mwaka 1896, ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu, wakiwa maseremala, wahunzi, waashi na askari. Ufundi wao unajulikana na kila mtu. Dini yao inajulikana na wachache mno. Wako wadhanio kuwa watu hawa ni Wahindu wa namna nyingine, na wengine, kwa kuona kilemba na ndevu, hudhani kuwa ni Waislamu. Dhana zote mbili si sahihi. Jina lao ni Masikh, yaani wanafunzi, na mwalimu wao wa kwanza ni Baba Nanak. Katika kurasa hizi twataka kukusimulia maisha yake, kwa sababu ibada wazifanyazo Masikh toka alfajiri hadi wakati wa kulala haziwezi kufahamika vema pasipo kujua jinsi mtu huyo alivyoishi.

Baba Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, nchi ya Punjab, upande wa magharibi wa Lahore. Leo kijiji hicho ni mji uitwao Nankana Sahib kwa heshima yake, nao umo katika Pakistan. Baba yake, Mehta Kalu, alikuwa Mhindu wa tabaka la Khatri, na kazi yake ilikuwa kuandika hesabu za ardhi na mazao. Bwana mwenye ardhi ya pale, Rai Bular, alikuwa Mwislamu. Basi mtoto huyu alikua akiona sanamu zikiabudiwa upande mmoja na kusikia adhana upande wa pili.

Habari za utoto wake zimetufikia zaidi kwa njia ya vitabu viitwavyo Janamsakhi, vilivyoandikwa na wafuasi wake baada ya kufariki kwake. Ndani yake mna historia, na mna miujiza mingi ambayo wapenzi huwazulia wapendwa wao. Msomaji mwenye busara hatavitupa vitabu hivyo, wala hatameza kila kilichomo.

Yasimuliwa kwamba alipofikia umri wa kuvishwa uzi mtakatifu, ambao wanaume wa matabaka ya juu ya Kihindu huuvaa begani, watu walikusanyika na kuhani akaja na uzi wake. Mtoto akakataa. Akauliza uzi wa pamba utamfaa nini mtu, ilhali huchakaa, hukatika, na hatimaye huteketea pamoja na maiti yake. Akasema kwamba akipatikana mtu awezaye kumvisha uzi wa huruma na ukweli, huo atauvaa. Fikiri, ndugu msomaji, aibu iliyompata baba yake mbele ya wageni. Wewe uliyeiacha desturi ya wazee wako kwa ajili ya jambo uliloona kuwa ni haki huhitaji kuelezwa uchungu wa siku kama ile, kwa mtoto na kwa baba pia.

Mehta Kalu alitaka mwanawe awe mfanyabiashara. Siku moja akampa rupia 20 akanunue bidhaa za kuuza kwa faida. Njiani Nanak akakuta mafakiri wenye njaa, akanunua chakula kwa fedha zote akawalisha, kisha akarejea mikono mitupu na kusema kwamba hakuona biashara yenye faida kubwa kuliko hiyo. Baba yake hakufurahi hata kidogo, na kwa kweli ni vigumu kumlaumu. Lakini Masikh huihesabu siku ile kuwa mwanzo wa desturi yao mashuhuri ya kulisha watu, ambayo tutaieleza mbele.

Hatimaye dada yake mkubwa, Nanaki, aliyempenda mno na ambaye yasemwa alikuwa wa kwanza kutambua hali yake, akamwita mjini Sultanpur alikokuwa ameolewa. Huko shemeji yake alimpatia kazi kwa gavana Mwislamu, Daulat Khan Lodi. Siku zile sehemu kubwa ya kodi ililipwa kwa nafaka. Nafaka hiyo iliwekwa katika ghala za serikali, kisha ikapimwa tena kwa ajili ya askari na watumishi. Nanak akawekwa kuwa mtunza ghala. Wakati huo alikwisha oa. Mkewe aliitwa Sulakhani, naye alimzalia watoto wawili wa kiume, Sri Chand na Lakhmi Das.

Yeyote aliyepata kufanya kazi ya ghala ajua jinsi wizi ulivyo rahisi mahali hapo. Mizani ikiinama kidogo tu, mtu maskini hatambui, na mwisho wa mwaka mtunza ghala amejenga nyumba. Nanak alipima sawasawa, na katika ujira wake mwenyewe akawasaidia wahitaji. Sasa, katika lugha ya Kipunjabi neno tera lina maana mbili: kumi na tatu, na yako. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akihesabu vipimo na kufika cha kumi na tatu, fikira yake ilimwendea Mwenyezi Mungu ambaye vitu vyote ni vyake, akawa akilirudia neno lile lile huku mkono wake ukiendelea kupima. Wachongezi wakakimbilia kwa gavana wakasema kwamba ghala inamalizwa. Hesabu zikakaguliwa, wala haikuonekana punje iliyopungua. Wengine husimulia kisa hiki kwa ajili ya muujiza wa nafaka. Mimi naona ajabu yake iko mahali pengine: mtu huyu alimkumbuka Mungu katikati ya kazi, mizani ikiwa mkononi, wala kumkumbuka huko hakukuharibu kipimo cha mtu yeyote.

Alipokuwa na umri wa miaka 30 hivi, yaani karibu na mwaka 1499, alikwenda asubuhi moja kuoga katika mto Bein, asionekane tena. Watu wakadhani amekufa maji; Daulat Khan akaamuru mto upekuliwe. Siku ya tatu akatokea, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hakuna Mhindu wala hakuna Mwislamu. Maneno hayo yaliwakasirisha wengi. Kadhi akamtaka aeleze, naye akaeleza kwamba si rahisi mtu kustahili kuitwa Mwislamu, na kwamba Mungu hatamhukumu mtu kwa jina aitwalo.

Wakamchukua msikitini asali pamoja nao. Sala ilipokuwa ikiendelea akacheka. Kadhi akamlaumu, lakini Nanak akajibu kwamba kadhi mwenyewe hakuwa katika sala: mwili wake ulirukuu na kusujudu, huku moyo wake ukiwa nyumbani ukihofia kitoto cha farasi kilichozaliwa karibuni kisije kikatumbukia kisimani. Naye gavana alikuwa Kabul akinunua farasi. Yasemwa kwamba wote wawili walikiri. Nawe, ndugu msomaji, waweza kujiuliza katika sala yako ya jana ulikuwa wapi.

Baada ya hapo aliacha kazi, akaanza safari zilizochukua miaka mingi. Mwenzi wake alikuwa Mardana, Mwislamu wa kabila la waimbaji, aliyepiga rababu, chombo cha nyuzi chenye kufanana na gambusi. Nanak alitunga na kuimba, Mardana akapiga. Wakenda hivyo kwa miguu, wakila walichopewa. Wazee wake walimsihi arejee akae nyumbani, naye hakukubali mpaka aliposikia kuwa kazi hiyo imekwisha.

Hatuwezi kueleza safari zote. Visa viwili vyatosha. Katika mji wa Hardwar, kando ya mto Ganges, aliwakuta Wahindu wakirusha maji kuelekea jua la mashariki ili yawafikie wazee wao waliokufa. Yeye akageuka magharibi akaanza kurusha kwa bidii. Walipomwuliza, akajibu kwamba anamwagilia shamba lake huko Punjab. Kwani ikiwa maji yao yaweza kufika kwa wafu, yake yatashindwaje kufika katika shamba lililo karibu zaidi? Katika mji wa Sayyidpur alikaa kwa Lalo, seremala wa tabaka la chini, akala mkate wake mkavu, na akakataa karamu ya tajiri mmoja, Malik Bhago. Alipolazimishwa kujieleza, yasimuliwa kwamba alikamua mkate wa kila mmoja kwa mikono yake: wa Lalo ukatoa maziwa, na wa tajiri ukatoa damu. Ukipenda uuchukue kuwa muujiza, au uuchukue kuwa mfano. Maana yake ni ile ile, nayo inamhusu kila ambaye chumo lake limepitia katika jasho la wengine wasiolipwa.

Janamsakhi zasema kwamba alifika pia Makka na Baghdad. Kuhusu Makka vyasimulia kwamba alilala miguu yake ikielekea Kaaba, na mtu alipomkemea akamwomba aigeuze miguu hiyo upande ambao Mungu hayupo. Vitabu hivyo huongeza kwamba Kaaba ikazunguka kufuata miguu yake. Hili la kuzunguka mimi silikubali. Jibu lake ndilo lenye uzito, nalo halihitaji nyumba izunguke. Jambo lililo karibu zaidi na historia ni mashambulizi ya Babur, mfalme aliyeanzisha utawala wa Kimoguli katika Bara Hindi. Sayyidpur uliangamizwa na majeshi yake karibu na mwaka 1521, na Nanak alitunga mashairi ya huzuni juu ya mauaji yale, bila kumstahi mshambuliaji wala kuwastahi watawala walioshindwa kuilinda nchi yao.

Sasa twaweza kuuliza: mtu huyu alifundisha nini hasa? Kitabu kitakatifu cha Masikh huanza kwa tarakimu. Tarakimu yenyewe ni 1. Mungu ni Mmoja, Mwumba wa yote, asiyeogopa wala kumchukia yeyote, asiyezaliwa na asiyekufa, asiye na umbo. Kwa kuwa hana umbo, hachongwi. Kwa kuwa hakuzaliwa, Masikh hawakubali kwamba alishuka duniani katika mwili wa mtu. Kila kitu huenda kwa amri yake. Mtu huikosa amri hiyo kwa sababu ya ubinafsi, yaani kule kusema mimi, mimi. Na katika ubinafsi huo huota tamaa ya mwili, hasira, uroho, kushikamana na dunia, na kiburi. Dawa ni kulikumbuka Jina la Mungu, na hata kukumbuka huko ni zawadi ya neema yake. Katika imani ya Masikh roho huzaliwa tena na tena hadi ikombolewe na kuungana na Mola wake. Hapa njia yao na njia ya Uislamu zinaachana, nasi hatuna haja ya kuficha hilo. Kuhusu matabaka, Nanak aliyakataa yote; na kuhusu wanawake, alishangaa wanaume wanawezaje kumdharau yule anayewazaa wafalme.

Mafundisho haya yangeweza kubaki nyimbo tu za msafiri. Lakini Nanak hakumaliza maisha yake barabarani wala pangoni. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 alivua mavazi ya ufakiri, akakaa kando ya mto Ravi katika mahali palipoitwa Kartarpur, yaani mji wa Mwumba, pamoja na mkewe na wanawe, akashika jembe. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano alilima. Siku hizo watawa walihesabiwa kuwa watakatifu kwa kuacha nyumba na kuombaomba. Yeye akafundisha kwamba wanaomkimbia mke na watoto, kisha wakaenda kuomba chakula kwa wenye wake na watoto, hawajaacha dunia.

Siku ya Kartarpur ilikwenda hivi. Kabla ya mapambazuko watu waliamka, wakaoga, wakasoma sala aliyoitunga, iitwayo Japji, yenye beti 38. Kulipokucha kila mtu alikwenda kazini kwake, na mwalimu akaenda shambani. Jioni wakakusanyika kuimba. Na kabla ya kulala wakaimba tena sala fupi ya usiku. Katikati ya hayo palikuwa na chakula. Mazao ya shamba yaliingia katika jiko moja, nao waliketi chini katika mstari mmoja, mwenye cheo na asiye na cheo, Mhindu na Mwislamu. Kwa Mhindu wa zama zile kula pamoja na mtu wa tabaka la chini kulikuwa ni kunajisika. Mtu aliweza kusikiliza hotuba juu ya usawa mwaka mzima na kurudi nyumbani vile vile. Lakini akiketi mara moja katika mstari ule na kula, jamaa zake waliweza kumtenga. Ndiyo maana nasema kwamba fundisho lake zito zaidi lilikuwa katika sahani.

Ukimwuliza Sikh leo wajibu wake ni nini, atakutajia mambo matatu: kulikumbuka Jina la Mungu, kula kwa jasho halali, na kugawana na wengine. Hiyo ndiyo siku ya Kartarpur. Hata sasa Sikh mwenye kushika dini huamka mapema, huoga, husoma Japji, na husoma sala nyingine jua linapokuchwa na wakati wa kulala. Jiko lile huitwa langar, nalo limo katika kila hekalu lao, ambalo huitwa gurdwara. Ukienda utavua viatu na kufunika kichwa, utapewa haluwa ya unga, samli na sukari, kisha utaketi chini ule chapati na dengu bila kuulizwa dini yako wala kudaiwa senti. Wasafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa walijua jambo hili bila kusoma kitabu chochote, kwani gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926, huwalisha wapitao hapo.

Mambo mengine uyaonayo kwa Masikh yalikuja baadaye, nayo tutayapita upesi. Baada ya Nanak walifuata walimu, yaani Guru, tisa. Wa tano, Arjan, alikusanya kitabu chao mwaka 1604, akatia ndani nyimbo 974 za Nanak, pamoja na mashairi ya watu wasiokuwa Masikh, miongoni mwao Sheikh Farid, walii wa Kiislamu. Wa kumi, Gobind Singh, aliunda mwaka 1699 jamii ya Khalsa, ambayo wanaume wake huitwa Singh na wanawake Kaur. Walioingia humo huvaa alama tano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptura ya ndani, na jambia. Hawavuti tumbaku. Tangu Guru huyo alipofariki mwaka 1708 hakuna mwalimu mwingine ila kitabu. Nacho hufunguliwa alfajiri kwa heshima, na usiku hulazwa mahali pake kama alazwavyo mzee mheshimiwa.

Turejee Kartarpur. Miongoni mwa waliokuja alikuwa Lehna, aliyekuwa zamani akiwaongoza mahujaji kwenda kumwabudu mungu wa kike Durga. Siku moja alifika shambani amevaa nguo nzuri, akamkuta mwalimu na mizigo ya majani ya ng'ombe, yenye maji na matope. Wanawe Nanak hawakutaka kuibeba. Lehna akajitwika. Alipofika nyumbani, Sulakhani alimhurumia mgeni kwa nguo zake zilizoharibika. Mwaka 1539, Nanak alipoona ajali yake imekaribia, aliwapita wanawe wote wawili akamweka Lehna mahali pake, akampa jina Angad, maana yake kiungo cha mwili wake. Sri Chand, mwana mkubwa, alikuwa mtawa mwenye kuheshimiwa. Lakini baba hakumpa. Ni mambo magumu hayo kwa mzazi, na nadhani hayakuwa mepesi kwa mama aliyekuwa akitazama.

Nanak alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo. Yasimuliwa kwamba Wahindu walitaka kumchoma kwa desturi yao na Waislamu walitaka kumzika kwa desturi yao. Akawaambia kabla hajafa waweke maua, hawa kulia na hawa kushoto. Ambao maua yao yatakuwa hayajanyauka asubuhi, hao ndio watakaouchukua mwili. Asubuhi walipoinua sanda maua yote yalikuwa mabichi, na mwili haukuwapo. Wakaigawa sanda; nusu ikachomwa, nusu ikazikwa.

Swali la kwamba alikuwa wa nani halikwisha siku ile. Katika mji wa Dera Baba Nanak limehifadhiwa joho linalosemwa kuwa lilikuwa lake, nalo limeandikwa aya za Kurani. Seyidna Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian alikwenda kulitazama mwezi Septemba mwaka 1895, na katika kitabu chake Sat Bachan cha mwaka huo alieleza kwamba Baba Nanak aliukubali Uislamu moyoni mwake. Masikh hawakubaliani na neno hili. Wao husema joho ni zawadi aliyopewa katika nchi za Waislamu, na kwamba Nanak alifundisha njia yake mwenyewe. Msomaji anayetafuta haki azisikilize pande zote mbili, na azisome nyimbo zenyewe.

Mto Ravi uliyachukua makaburi ya kwanza. Mwaka 1947 Bara Hindi lilipogawanywa, Kartarpur ilibaki upande wa Pakistan, na Dera Baba Nanak, iliyo kilometa chache tu ng'ambo ya mto, ikabaki upande wa India. Kwa miaka mingi Masikh wa India walisimama mpakani wakaitazama kwa darubini, hadi njia maalumu ilipofunguliwa kwa ajili yao tarehe 9 Novemba 2019. Waliovuka walikuta ndani ya jengo mahali pa kumkumbuka kwa desturi ya Kihindu, na nje uani kaburi la Kiislamu. Na karibu yake mashamba, ambayo bado yanalimwa, na jiko.